Hapo Tu Mbele

Mwenzangu wa chumba hapa bwenini hawezi kunyoosha njia akiona msitu. Siku yetu pekee isiyo na vipindi, mimi, yeye na Zdenka, rafiki yetu wa darasani, tulikwenda Lysá hora, mlima wa hapa Ucheki, tupande mpaka kileleni, tule supu ya kabichi kwenye mgahawa wa huko juu. Yeye akaja na kikapu na kisu cha kukunja. Kila baada ya muda mfupi anapotelea kwenye misonobari, anapiga magoti, anakata uyoga, anaupuliza udongo na kuunusa macho kafumba, kama mama anayenusa utosi wa mtoto. Ukilalamika, jibu ni moja tu: "Hapo tu mbele." Jiwe lile lile lililopasuka tulilipita mara tatu!

"Wewe bwana, tumekuja kupanda mlima au kulisha kupe?" Zdenka alifoka, akakaa kwenye gogo na kugoma. Mwenzangu akanivuta mkono, tukapenya vichaka mpaka mahali ambapo uyoga mnene ulikuwa umejaa tele. "Pa bibi yangu hapa," alinong'ona. "Hata kaka hapajui. Nilikuwa nawazungusha msije mkaikariri njia." Nilitamani kumtia kofi. Akanipa kisu nikate.

Kurudi alinyoosha njia, akinionyesha mti uliopigwa na radi, kisha lile jiwe. "Umeshika? Hebu rudia." Nikarudia, njaa inaniuma. Kumbe gogo la Zdenka lilikuwa pale pale karibu.

"Mmeutoa wapi wote huo?" akauliza Zdenka.

"Mbali sana," nikajibu, kabla mwenzangu hajafungua kinywa.