Simu Kumi na Mbili za Mbao

Sifa ni zako, Bwana, uliyenifikisha umri huu nikiwa bado nauona mstari wa penseli juu ya ubao. Jema lolote katika haya ninayoandika limetoka kwako. Makosa ni yangu.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Dagoretti Corner, na kwa miaka mingi nimetengeneza vitanda, makabati, na viti vya kanisa letu la Riruta, ambako mimi ni mzee wa kanisa. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningetengeneza simu.

Binti yangu wa pili ni mhandisi katika kampuni moja mjini. Kwa miaka miwili alikuwa akisanifu simu janja ndogo, ya bei ambayo hata mtu wa kibarua angeimudu. Udogo wenyewe ndio ulioshusha bei: kioo kidogo, betri ndogo, chombo kizima kikakaa kiganjani. Lakini wakubwa wake walisita. Walisema watu wanataka simu kubwa hata kama mfuko hauruhusu. Wakampa mwezi mmoja alete ushahidi, la sivyo mchoro wake ungewekwa kando.

Akaja karakana Jumamosi moja, akasimama kwenye taka za randa na viatu vyake vya ofisini.

"Baba, unaweza kunichongea simu?"

"Ya kumpigia nani?"

"Ya kushikwa tu. Sita ndogo, sita kubwa. Na za ukubwa mmoja zisipishane hata milimita."

Nilichagua mvule. Nikazitoboa ndani, nikatia vipande vya chuma mpaka uzito ukalingana na wa simu yenyewe, nikaziba, nikapiga msasa hadi pembe zikawa laini kama sabuni.

Jumapili baada ya ibada tukawapa akina mama wazishike. Hapo tulikosea. Kila mmoja alisifu. Ndogo ni nzuri, kubwa ni nzuri, Mungu ambariki binti wa mzee. Mama mmoja anayeuza mboga ndiye pekee aliyeuliza kitu. "Mzee, hii inashika network yenyewe, ama mpaka mtu afunge na kuomba?" Wakacheka, wakaenda zao.

Binti yangu alizirudisha kwenye sanduku. "Hawa wanakuheshimu wewe, Baba. Hakuna aliyenijibu."

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Kisha nikakumbuka jinsi ninavyofanya kazi. Mteja akiniletea kiti cha kurekebishwa, simuulizi anakikaliaje. Naangalia mahali vanishi ilipoisha. Nikampigia binti yangu, nikamwambia asiwaulize tena. Awape wanawake sita simu mbili kila mmoja, ndogo na kubwa, wakae nazo majuma mawili kazini, wabebe ile inayowajia mkononi, na wasizipanguse.

Walirudi karakana siku tuliyopatana. Simu ndogo ya mama mboga ilikuwa nyeusi kwa jasho, na rangi ya sukuma wiki imeingia kwenye nyuzi za mbao. Ile kubwa ilikuwa safi kama nilivyoitoa. Mwingine hufanya kazi za nyumba Lavington. Pembe za simu yake ndogo zilikuwa zimefifia kwa maji ya kufulia.

"Na ile kubwa?" binti yangu akauliza.

"Iko kwa mkoba tangu siku ile. Nikiiweka kifuani, nikiinama inatoka, inaingia kwa beseni."

"Pole, Mzee," mama mboga akasema, maana kwa hilo neno la kifuani nilikuwa nimeanza kuikagua patasi yangu kwa makini sana. Wakacheka tena.

Wanawake watano walikuwa hivyo. Wa sita ni mjane anayeshona nguo kando ya barabara. Kubwa yake ndiyo iliyochafuka, ndogo ikabaki safi.

"Mimi kazi yangu ni ya kukaa, siinami," alisema. "Na macho yangu yamekataa vitu vidogo."

Walipoondoka, niliichukua simu hiyo kubwa ya mjane, na mkono mwingine ukashika msasa. Nilijiambia kwamba naisafisha tu.

"Baba, weka msasa chini."

"Ni moja tu, mami. Wakubwa wako wakiiona hii, watasahau zile tano."

"Basi wasahau. Ulinifunza nisimshuhudie mtu uongo. Hukuniambia kwamba kwa simu ni halali."

Niliuweka chini. Nimesikiliza mahubiri mengi maishani mwangu, na mengine nimeyatoa mwenyewe, lakini sikumbuki jingine lililonipata sawasawa namna hiyo.

Siku ya mkutano na wakubwa wake nilimbebea sanduku mpaka ofisini kwao mjini, ghorofa ya juu. "Huyu ni fundi wangu," aliwaambia. "Pia ni baba yangu." Akazipanga mezani mbili mbili. Mkuu wao, mama mmoja mwenye miwani, alinyoosha mkono moja kwa moja hadi kwenye ile kubwa iliyochafuka.

"Na huyu je?"

"Huyu hushona akiwa ameketi, na macho yake yamechoka," binti yangu alijibu. "Simu yangu haimfai. Hawa watano inawafaa."

Yule mama aliigeuza huku na huku. "Kama ungeniletea ndogo zote sita zimechafuka," alisema, "ningeuliza nani alizipaka uchafu." Kisha akazishika zile tano, moja baada ya nyingine, akanusa hata ile ya sukuma wiki. Aliagiza maandishi ya simu yaweze kukuzwa. Na akasema ndogo iendelee.

Siku hizi naiona simu hiyo mikononi mwa watu nisiowajua, kwenye foleni ya benki, hata kanisani inapolia katikati ya maombi, na simkemei mwenye nayo. Mjane yule hana; alijinunulia kubwa, na mara kwa mara binti yangu hupita kumuuliza inamfaaje.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu aibariki kazi yako pamoja na sehemu zake zisizopendeza. Akupe mtu wa nyumbani mwako atakayekuzuia kwa upole, nawe akupe moyo wa kumsikia. Amina.