Mama wa Baba Yangu

Juzi sokoni Othaya nilimsikia mwanamume akimwambia bintiye mdogo, "Mami, twende," nikacheka peke yangu. Mimi pia nilipewa jina la mama wa baba yangu, kwa hivyo baba aliniita Mami, yaani mama. Nami nikaamini kweli nilimzaa.

Alasiri moja, nikiwa bado mdogo, aliingia nyumbani na wageni, gambuti zake zikinuka matope na majani mabichi ya chai.

"Kijana wangu, toa hizo viatu nje!" nikamwamuru.

Wageni wakatazamana. Nikangoja, mikono kiunoni. Baba akainama, akazivua.

"Pole, Mami."

Sasa najua ilikuwa desturi ya majina tu. Lakini kwenye mikutano ya wakulima, wazee wakijaza viti vya mbele, sitafuti cha nyuma. Nawaambia wasonge, nao husonga.