Kutembea Bila Mzigo

Goti langu la kulia liliharibika mwaka wa Maji Maji, siku tuliyoikimbia misheni ya Masasi. Nilikuwa nimembeba binti yetu kifuani, nikateleza jabalini, nikalitanguliza goti ili asiumie yeye. Vita vilipokwisha na njaa yake ikapita, tulirudi tukajenga upya palepale penye majivu. Mwanamke mmoja wa kizungu aliyekuwa akitibu wagonjwa pale misheni akalikanda goti langu, akaniambia, “Mwalimu, tembea kila siku, hata likikuuma. Ukilistarehesha litakaza, na likikaza ndiyo basi.”

Masasi hilo halikuwa taabu. Nilikuwa natembea kutwa: shuleni, kanisani, shambani. Taabu ilinipata tulipokwenda kupumzika.

Shule ilifungwa baada ya mavuno, na mke wangu akasema anataka kumwona mama yake. Kwao ni Chilangala, juu ya uwanda, upande wa Newala. Mimi sikuwa na kwetu pa kwenda. Wazazi wangu walikombolewa utumwani wakiwa wadogo, wakalelewa na wamisheni, wakaletwa Masasi, na walikufa bila kukumbuka walichukuliwa kijiji gani. Kwa hiyo ndugu zangu walikuwa ndugu za mke wangu. Tukapanda mlima, yeye mbele na binti yetu, mimi nyuma na fimbo.

Tulipokewa vizuri mno, nami wakanisemesha Kiswahili, maana Kimakonde chao sikukijua. Nilipewa kitanda kipya cha kamba na kiti cha kukalia barazani. Alfajiri wanawake waliteremka bondeni kuteka maji, maana uwanda ule hauna kisima wala kijito. Mke wangu akaenda nao, akicheka kicheko ambacho Masasi sikuwahi kukisikia. Wanaume wakaenda kufyeka msitu. Nami nikabaki na kiti changu.

“Shemeji, nipe jembe,” nilimwambia kaka wa mke wangu.

“Aa, mwalimu! Wewe umekuja kupumzika.”

Mama mkwe hakusema nami kabisa. Kwa mila yao mkwe wa kiume na mama wa mke hawasemezani uso kwa uso, basi alikuwa akimtuma mjukuu wake, nami nimeketi hatua chache tu: “Mwambie baba yako ale.” Binti yangu ananigeukia, “Baba, bibi anasema ule.” Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikapita, na ya nne, jembe sikuliona. Goti likaanza kukaza. Asubuhi nilikuwa nikilinyoosha kwa mikono miwili.

Nikaamua kutembea. Kila asubuhi nilivaa kanzu yangu, nikafuata kijia mpaka ukingoni mwa uwanda, mahali unapoona bonde la Ruvuma limelala chini mbali, kisha nikarudi kwa njia nyingine kupitia vijijini. Siku ya kwanza mzee mmoja aliyekuwa akisuka mkeka aliniuliza, “Unakwenda wapi?”

“Natembea tu, mzee.”

“Unatembea kwa nani?”

“Si kwa mtu. Natembea tu.”

Akanitazama, akaurudia mkeka wake bila kuniaga.

Baada ya hapo, nilipokaribia nyumba, kinu kilinyamaza. Watoto waliokuwa wakicheza uwanjani waliingia ndani. Niliona vijana wawili wakipenya vichakani upande wa pili wa nyumba, na kuku wakifungiwa. Nilitoa salamu, ikajibiwa na sauti moja tu ya kike kutoka gizani ndani. Nikaendelea kwenda, nikisikia kinu kikianza tena nyuma yangu nikiwa nimeshafika mbali.

Jioni moja mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliniita.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwalimu. Kaa. Watu wanasema unahesabu nyumba.”

Nikashangaa. “Nyumba za nini?”

“Za kodi. Na wanasema unatazama vijana wenye nguvu, ili akida aje awachukue wakabebe mizigo ya Wajerumani.”

Nikapandisha kanzu, nikamwonyesha goti, nikamweleza habari yote. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

“Mimi nakuamini. Lakini wao hawaoni goti, wanaona kanzu. Hapa mwenye kanzu ni akida. Na mtu mzima anayetembea bila mzigo, ana lake jambo. Beba kitu, mwanangu. Mwenye mzigo haulizwi.”

Kesho yake nikavaa shuka, nikaomba mtungi. Mama mkwe alimwambia binti yangu, “Mwulize baba yako, Masasi wanaume ndio wanaoteka maji?” Nikajibu kupitia kwa mtoto kwamba ni dawa ya mguu. Hakupinga.

Sikuteremka na wanawake. Nilijaribu mara moja, nyimbo zao zikakatika, na mke wangu akainamisha uso kwa haya. Basi nikawa nakwenda mchana, jua kali, wakati njia haina mtu. Kuteremka kuliniuma kuliko kupanda. Kupanda nilikwenda kwa kituo, mtungi begani, maji yakinimwagikia shingoni, na sauti pekee niliyoisikia ilikuwa pumzi yangu. Nusu ya mtungi ilifika nyumbani, siku nyingine robo. Lakini goti lililegea. Wiki chache baadaye nilipanda bila fimbo, nikafika juu, nikageuka kumtafuta mtu wa kumwambia. Palikuwa na mbuzi wawili.

Siku za kufungua shule zilipokaribia, nikamwambia mke wangu tufunge mizigo. Alikuwa akichambua kunde na dada zake, akainuka, tukaenda kusimama nyuma ya nyumba.

“Tangulia wewe,” akasema. “Mimi nitakaa mpaka tupande mbegu. Mama amezeeka.”

“Na mtoto?”

“Mtoto yuko kwao.”

Aliyasema kwa upole. Kwa mila yao mtoto ni wa ukoo wa mama. Nikashuka peke yangu na mzigo mdogo wa muhogo kichwani, na ni kweli, njia nzima hakuna aliyeniuliza ninakokwenda. Wengine hata walinitakia safari njema.

Walirudi mvua zikiwa zimekolea. Niliwasikia kabla sijawaona, nikatoka kuwapokea mlangoni. Binti yangu alinikimbilia, akanikumbatia miguu, akanisimulia habari ndefu kwa furaha, yote kwa Kimakonde. Niliinama nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamtazama mama yake, nikasubiri anitafsirie.