Ng'ombe Waliogoma Kuhama

Katika ofisi ile ya mifugo, masjala ilikuwa mlango wa mwisho wa korido, mkabala na choo. Humo aliketi mama wa miaka hamsini na minne, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa cherehani, na ukitaka jalada la mnyama yeyote aliyewahi kuchanjwa wilayani, shurti upite kwake. Watu walimwita Mama Masjala. Alikuwa mpole wa sauti na mchokozi kama upupu: unajikuna mchana kutwa, wala hujui umeupatia wapi.

Wenzake hawakujua kuwa alikuwa na jina la pili. Miaka kadhaa nyuma ofisi ililetewa kompyuta, na yeye akaambiwa asubiri mafunzo. Alisubiri hadi akachoka, kisha akaomba kompyuta moja mbovu iliyokuwa ikitupwa, akaenda nayo nyumbani. Mumewe, fundi cherehani, alimwachia nusu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Hapo akaweka Linux, mfumo wa bure unaotunzwa na watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia, akaanza kujifundisha, akichapa kwa kidole kimoja. Siku aliyokuta kasoro katika programu ya hifadhidata aliwaandikia watunzaji, na kwa kukosa jina la kutia sahihi, akajiita Kidole. Wakamjibu kwamba kasoro wameiona, ila aliyekuwa akiitunza programu ile amechoka na kuondoka. Je, yeye Kidole hawezi kuirekebisha? Akairekebisha. Ukimnyooshea mtu mkono wa msaada katika kazi za kujitolea, hakurudishii tena mkono wako. Sasa ulikuwa mwaka wa sita, na programu ya hifadhidata katika mfumo ule ilikuwa mikononi mwake.

Mumewe alipoulizwa mkewe anafanya nini pale mezani, alieleza vizuri kuliko wasomi. Wenye kuandika programu, alisema, wanatoa jora la kitambaa. Mke wangu anakata, anashona, anapiga pasi, anafunga kifurushi, ili mtu wa mbali akivae bila kuhitaji sindano. Na toleo jipya likitoka, anahakikisha vilivyokuwa mfukoni mwa nguo ya zamani vinahamia mfukoni mwa nguo mpya bila kudondoka hata kifungo.

Kila kifurushi huambatana na maelezo ya mabadiliko, na hapo Kidole alikuwa hajizuii. Wengine waliandika, "Kasoro ya usalama imerekebishwa." Yeye aliandika, "Tundu limezibwa. Panya atafute nyumba nyingine." Mtunzaji mmoja wa ng'ambo alilalamika kwamba hayo si maelezo ya kitaalamu. Likapigiwa kura, na panya akashinda.

Basi ofisi ikaletewa mkuu mpya wa kompyuta, kijana wa suti ya kijivu ambaye kila mtu alimwita Injinia, kwa sababu mwenyewe aliwaomba. Alikuwa na bidii, hilo halina ubishi. Majalada yote ya karatasi aliyaingiza katika seva, kwa hifadhidata nne: ya mbuzi, ya kondoo, ya kuku na ya ng'ombe. Lakini alikuwa na ulimi. Kwenye kikao alisema masjala sasa ni makumbusho, na kwamba mwaka ukiisha chumba kile kitakuwa cha kuwekea viyoyozi vibovu. Wakati wa chai alipenda kusimulia kwamba yeye huandikiana na wataalamu wa mfumo wenyewe, kina Kidole, mabwana wakubwa, watu wasio na muda na kila mtu.

Mama Masjala alisikia jina lake likitajwa juu ya sahani ya mihogo, akakoroga chai yake taratibu. Angeweza kusema. Hakusema, kwa sababu utamu wa siri ile ulikuwa bado haujaisha mdomoni.

Siku ya Jumanne Kidole alitoa toleo jipya. Jumatano asubuhi Injinia aliliweka kwenye seva. Mbuzi wakahama, kondoo wakahama, kuku wakahama. Ng'ombe wakagoma. Na siku hiyo ilikuwa ya vyeti vya chanjo. Bila cheti, ng'ombe haruhusiwi mnadani. Kufikia saa nne wafugaji walikuwa wamejaa uani, fimbo mkononi, wakiuliza kompyuta imekula nini.

Mama Masjala alipofungua kompyuta yake ndogo nyuma ya kabati la majalada, alikuta barua kwenye ukurasa wa wazi wa kuripoti kasoro. "Bwana Kidole," iliandikwa, "toleo lako ni la hovyo. Umeharibu kazi ya ofisi nzima ya serikali." Chini yake vilifuata vyeo vinne vya Injinia.

Alinyoosha shingo kuchungulia korido. Mlango wa Injinia ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale. Akajibu kwa adabu, akiomba ujumbe kamili wa kosa na jina kamili la hifadhidata. Likarudi jibu kwamba yeye si mwanafunzi wa kuulizwa maswali. Hapo upupu ukamwagika. Aliamini kijana karuka maelekezo, kama wanavyoruka wote, akaandika, "Ndugu, kila ofisi makini ina masjala. Usiguse seva. Nenda masjala, umwombe mtunzaji kwa heshima fomu ya awali ya usimikaji, kisha uninakilie jina la hifadhidata herufi kwa herufi."

Baada ya dakika mbili, Injinia alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema. Hakuwahi kumwamkia tangu aripoti kazini.

"Marahaba, baba. Karibu makumbusho."

Alimpa kitabu asaini. Akamwambia amekosea safu, asaini upya. Akampisha mzee mmoja kwanza, akamtafutia jalada lake bila haraka, akamuuliza habari za wajukuu. Injinia alisimama akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, jasho likimtiririka ndani ya suti. Kisha Mama Masjala akapanda kigoda, akashusha boksi, akatoa fomu aliyoijaza kijana mwenyewe kwa mkono wake. Akaiangalia kabla ya kumpa, akitafuta mahali pa kucheka.

Akasoma majina yote manne.

Hifadhidata ya mbuzi iliitwa mbuzi. Ya kondoo, kondoo. Ya kuku, kuku. Na ya nne, kwa mwandiko nadhifu, ng'ombe. Kati ya g na o palikuwa na ritifaa, alama ndogo kama kope iliyoanguka kwenye karatasi.

Alijua palepale. Amri alizoziandika yeye za kuhamisha hifadhidata zilitumia alama hiyohiyo kuonyesha jina linapoanzia na linapoishia. Kompyuta ilifika kwenye ritifaa, ikadhani jina limekwisha, ikaenda kutafuta kitu kinachoitwa ng, ikakikosa, ikasimama. Kijana hakuruka maelekezo yoyote. Kwa miaka sita Kidole alikuwa amejaribu vifurushi vyake kwa majina ya kila namna, hata ya lugha asizoweza kuzitamka, na hakuwahi kujaribu hata neno moja la kwao lenye ng'. Mkuki kwa nguruwe. Sasa umegeukia kwa mwenye kuurusha.

"Kuna tatizo, mama?" aliuliza Injinia.

"Lipo, ila si lako," alisema. "Data zako hazijaguswa, zipo palepale zilipokuwa. Nipe saa mbili. Na uwaambie wale walioko uani waje hapa mmoja mmoja, kadi za ng'ombe bado ninazo."

Injinia hakuwa na nguvu ya kuuliza mhudumu wa masjala anajuaje data hazijaguswa. Alikwenda kupanga foleni. Mama Masjala akawa anaandika vyeti kwa mkono wa kulia, na kila mfugaji alipoinuka, anageukia nyuma ya kabati. Aliunda hifadhidata ya majaribio akaiita ng'ombe, ikagoma. Akairekebisha amri, mstari mmoja tu. Ng'ombe wakahama kimya. Akajaribu tena na ng'ambo, na ng'oa, na ving'ang'anizi, ili asije akaaibika mara mbili.

Lakini toleo halitoki bila mtunzaji mwingine kulikagua, na aliyekuwapo saa hiyo alikuwa yuleyule aliyeshindwa na panya. Aliuliza kama ng'ombe ni neno halisi au ni mzaha mwingine. Kidole alimjibu kwamba ni mnyama, ana pembe, anatoa maziwa, na kwa sasa kuna watu sitini wanamsubiri nje ya dirisha lake. Likapitishwa.

Katika maelezo ya mabadiliko aliandika bila mzaha: "Majina yenye ritifaa sasa yanahama salama. Kosa lilikuwa langu. Aliyeliripoti alikuwa na haki ya kukasirika."

Saa tisa Injinia alirudi masjala na maelezo hayo yamechapwa kwenye karatasi. Ng'ombe wamehama wote, alisema, na huyu Kidole ni mwanamume wa kweli; mtu mkubwa vile, lakini anakiri kosa mbele ya dunia nzima.

"Ni mwanamke," alisema Mama Masjala.

"Umejuaje?"

"Mwanamume angesema kosa ni la ng'ombe."

Injinia alicheka, akageuka kuondoka. Hapo mama akaona kwamba akimwacha aende, siri ile itakuwa chungu. Alishamchezea mtu mwenye haki kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akamwita. Akaisogeza kompyuta kutoka nyuma ya kabati, akaigeuza, akamwonyesha barua zote, zake na za Kidole. Akamwomba radhi kwa kumsimamisha.

Kijana alisoma hadi mwisho. Akakaa kwenye kigoda. Akauliza kwa sauti ndogo kama ile barua ya "toleo la hovyo" inaweza kufutwa.

"Haifutiki," alisema mama. "Iko hadharani milele. Na yangu ya kosa iko chini yake, kwa hiyo tutaaibika pamoja."

Injinia akavua koti, jambo ambalo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuliona, akauliza toleo lijalo ni lini na kama kuna kazi anayoweza kusaidia. Mama Masjala alikuwa amesubiri miaka sita mtu amuulize hivyo. Alimpa iliyochosha kuliko zote: kujaribu kila kifurushi kwenye kompyuta nzee, moja baada ya nyingine, na kuandika kila kinachogoma. Kufikia Ijumaa alikuwa amemletea kasoro kumi na moja, tisa kati yake za kweli.