Spana Kwenye Usukani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na mkono huu wa kulia unaikumbuka kuliko kichwa. Wengine hukumbuka harusi ya dada yao kwa pilau na muziki. Mimi ya dada yangu Minza naikumbuka kwa nati moja ya moto iliyodondoka hapa, katikati ya kiganja.

Wakati huo nilikuwa fundi kijana pale mtaa wa Kambarage, kwenye gereji ya Mzee Masanja. Mzee huyu, kabla ya kushika spana, alichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji, kule Geita miaka mingi, akatoka na mguu mmoja mbovu na masikio makali ajabu. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na utani nayo. Ukibadilisha mikono ya chini ya magurudumu ya mbele, ile yenye bushi za mpira, bolti zake unazishikiza kidogo tu gari likiwa juu ya jeki. Kisha unalishusha, linakaa kwa uzito wake, ndipo unatambaa chini na kukaza kweli.

"Mpira ukikazwa gari linaning'inia," alikuwa akisema, "likishuka unajisokota kama shingo ya kuku. Utapasuka."

Na ili mtu asije akaliondoa gari kabla ya kukaza huko kwa mwisho, spana ya kukazia ilifungwa kwa kitambaa chekundu kwenye usukani. Spana ikiwa pale, hata liwe gari la nani, halitoki. Usukani ukiwa mtupu, kazi imekwisha. Hatukuwa na daftari wala saini, ila kitambaa hicho tu, na kilitutosha.

Gari la bibi harusi lilikuwa la Shija, broka wa dhahabu, rafiki wa bwana harusi. Lilikuwa la zamani lakini la mbio, lenye turbo, limekaa chini chini, rangi ya samawati, likipita hata mama ntilie anaacha mwiko. Lakini mbele lilikuwa limechoka: bushi zimeliwa, bolijointi zinacheza, shokapu zinavuja mafuta. Shija alijitolea limpeleke Minza Ushirombo, ndoa ifungwe alasiri katika kanisa la misheni. Spea zilifika na basi Ijumaa asubuhi, na mpaka jua linazama nilikuwa nimefunga mpya zote, pande zote mbili. Jumamosi mapema nikalishusha, magurudumu yake juu ya magogo, nikalitikisa, nikaliacha likae. Spana namba kumi na tisa nikaifunga kwenye usukani. Nikaenda kuoga.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Nilirudi nimevaa suti.

Ilikuwa suti yangu ya kwanza, ya kijivu, na nilijiona bwana harusi ni mimi. Shangazi zetu walikuwa wameshafika na vigelegele, gari limezungushiwa riboni. Shangazi Kabula akachungulia dirishani, akapiga ukelele.

"We Mabula! Gari la bibi harusi lina spana usukani? Watu wa Ushirombo watasema tumeliokota gereji!"

Watu wakacheka. Nikaona haya. Nikaichomoa spana, nikaitia mfukoni mwa koti, nikijiambia nitafute ovaroli niivae juu ya suti, nitambae dakika mbili tu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi siku hiyo sikutaka kuinama. Mpiga picha akaniita, nikaegemea boneti kwa madaha. Nikapiga picha moja, ya pili, ya tano. Nikabeba begi la gauni. Ovaroli ikanitoka akilini kabisa.

Mzee Masanja alifika wakati huo, amevaa kaunda suti yake ya pekee, ile ya kanisani. Alikuwa ameombwa akae mbele kama mzee wa msafara. Alisimama kwenye mlango wa dereva, akautazama usukani, akazunguka, akaingia upande wa pili, akafunga mlango. Nilimwona kwa macho yangu, wala sikushtuka.

Shija akaliendesha, Minza nyuma; sisi wengine tulifuata kwa basi dogo la Kosta, tukiimba. Tulipoipita Kahama jasho likanitoka, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Nikashika chuma.

Mwanangu, nimezika wazazi wangu wote wawili. Lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka nilipoishika spana ile. Wimbo ulikuwa unaendelea na mimi sisikii hata neno. Akilini nilimwona Minza, na gurudumu la mbele likijikunja, na lile gari lisilojua kwenda polepole. Nikapiga simu kwa Shija, haipatikani. Nikapiga ya Minza. Ikalia humo humo ndani ya Kosta, kwenye pochi ya Shangazi Kabula!

"Kimbiza!" nilimpigia kelele dereva. "Kimbiza, nimemuua dada yangu!"

Vigelegele vilikatika. Shangazi Kabula alinishika bega, akaiona ile spana mkononi mwangu na kitambaa chake chekundu, akaanza kulia taratibu bila kujua analilia nini.

Mbele kidogo tukakuta watu wamejaa kando ya barabara. Nikaona gari la samawati limeinamia upande wa kushoto, na chini kwenye majani nikaiona kanga ya Minza. Niliruka kabla Kosta haijasimama, nikaanguka, nikachanika goti. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto.

Minza alikuwa ameketi juu ya kanga ile, anatafuna hindi la kuchoma.

"Kaka, mbona hivyo?" akaniuliza. "Nani amekufa?"

Shija ndiye aliyenieleza. Mzee Masanja alisikia "ko" moja, ndogo. Shija akamwambia ni kokoto tu, mzee. Mzee akajibu, "Matimba yanalia," yaani ile miti inayoegemeza duara la dhahabu. Ikilia, mchimbaji haulizi, anatoka. Shija akacheka, akaongeza mwendo. Basi mzee, na mguu wake ule mbovu, akafungua mlango gari likitembea. Shija akakanyaga breki kwa hofu.

Mzee Masanja alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alininyooshea mkono.

"Nipe spana."

Nikampa. Akaniambia nipitishe mkono chini, niguse nati ya upande wa kushoto kwa kidole. Nikaigusa. Ikanidondokea kiganjani, ya moto. Nilibaki nimeishika, siwezi kuiachia.

Alipoanza kulala chini nikamzuia. "Mzee, acha nitambae mimi."

"Suti itachafuka," akasema, na akaingia chini ya gari na kaunda suti yake ya pekee.

Aliichukua ile nati mkononi mwangu, akairudisha, akakaza upande ule, akakaza na wa pili. Alipotoka, amejaa vumbi na grisi, aliniita kwa Kisukuma. "Ng'wanawane," yaani mwanangu. "Nilipoona usukani mtupu nilipanda. Sikuchungulia chini ya gari. Nilikuangalia wewe."

Wala hakunitaja kwa mtu hadi alipofariki. Alisimama kanisani Ushirombo vile vile na madoa yake, watu wakidhani ni mzee asiyejua kuvaa. Minza sasa ana wajukuu, na hajui mpaka leo kwamba kosa lilikuwa langu; hata Shangazi Kabula na wenzake wa kwenye Kosta hawakumwambia.

Nakusimulia wewe kwa sababu juzi nilikusikia ukijibu simu ya mteja: "Tayari, njoo uchukue," na gari lake bado liko juu ya jeki. Ulicheka. Mimi nilikaa chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, lakini katika kazi yetu guu linalovunjika huwa la mwingine, aliyepanda kwa kukuamini. Kuchelewa hakuna aibu. Kucheka kwa shangazi hakuui mtu. Kusema "tayari" ndiko kuichomoa spana. Usiichomoe mpaka umeinama na kumaliza, hata uwe umevaa nini.

Mungu akupe masikio ya Masanja na goti lisiloogopa vumbi. Wote watakaopanda kwa neno lako wafike, na simu yako ikipigwa jioni, iwe ni ya kukuambia tumefika salama.