Mzimu Uliopunguza Mbio za Kinu

Kinu cha Mdachi kilipiga yowe mchana kweupe, mpaka kuku wa mji wetu wa Mafiga wakaingia uvunguni.

Moshi ukafuata. Wanawake tuliokuja kusaga mahindi tukatupa vikapu, mbio! Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilitaka kuona.

Mume wangu, Pazi, ndiye aliyekitunza kinu hicho. Zile gololi za chuma zinazobeba mhimili zilikuwa zimeungua kwa mara ya pili. Mdachi akamwambia zikiungua tena, atachapwa viboko hamsa ishirini.

Nyumbani Pazi hakutulia. Anakaa, anainuka, anashika mgongo kama ameshapigwa. Na kinu kila kikipata moto, yeye anakishindilia grisi, kama mama anavyompaka mtoto mafuta.

Nikamfuata Mehboob, fundi aliyekifunga.

"Shemeji, gololi zikijaa grisi zinaisonga kama ugali, lazima zitoke jasho," akasema. "Halafu bwana kabadili gurudumu la mkanda ili kinu kikimbie. Gololi haziwezi mbio zile. Nimemwambia mbele ya vibarua, kanifukuza."

Dawa ni kupunguza grisi na kupunguza mbio. Grisi Pazi aliipunguza jioni ile ile. Mbio zilikuwa kichwani mwa Mdachi, na huko hakuingii spana.

Asubuhi nikajifunga kaniki, nikajipaka unga usoni, nikaenda barazani kwake natetemeka kama nimepandwa.

"Bwana Mkubwa, mzimu wa mlima umechukia. Unasema kinu kinakimbia kuliko mto wake."

Pazi alikuwa pembeni. Akafumba macho.

Mdachi akanitazama weee. Mwisho akauliza mzimu unataka mbio gani. Nikamwambia zile za mwanzo, kabla ya gurudumu jipya.

Siku hiyo hiyo gurudumu la zamani likarudishwa. Kinu kikasaga mpaka jioni, ukikigusa ni vuguvugu tu. Mgongo wa Pazi ukasalimika.

Basi nikatamba mji mzima kwamba nimemlaghai Mzungu.

Hadi siku Mdachi aliponikuta mtoni, hakuna mwingine. Akainama.

"Mama, mimi hapana amini mzimu. Mimi jua zamani gololi hapana weza. Lakini Mehboob sema mbele ya vibarua. Mimi rudi nyuma namna gani?"

Akaenda zake anapiga mluzi.

Wajukuu, mkitaka mkubwa apunguze mwendo, msimwonyeshe kosa lake. Mpeni wa kumsingizia, na awe asiyeweza kujibu.