Njia Aliyoichora Shemeji kwa Kompyuta Itanivunjia Ndoa

Ndugu wasomaji, jina langu mhariri analo, na naomba abaki nalo. Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Kagerankanda niliyeolewa Kasulu. Ninachambua kahawa katika kiwanda kidogo cha kukoboa hapa wilayani, na baba mkwe wangu ni mpimaji kwenye mizani humohumo. Naandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza.

Aliyeniletea balaa ni shemeji, mdogo wa mume wangu. Alisomea mambo ya viwanda ng'ambo, na tangu arudi hatupumui kwa habari za kompyuta. Aliipa kompyuta yake vipimo vya kiwanda chetu: wachambuaji, mashine, mizani, mwendo wa mtu mwenye mzigo. Ikaigiza kazi ya siku nzima kwa hesabu tupu, kahawa ikaingia na kutoka bila mtu kutokwa jasho. Ikasema tunapoteza muda kwa kuzunguka. Meneja akaupokea mpango huo, basi mlango wa nyuma, tuliokuwa tukipita sisi wanawake, ukazibwa kwa magunia. Ikabaki njia moja katikati, ya watu wawili kupishana bega kwa bega, na mpimaji akaambiwa atembee humo kati ya meza zetu na mizani.

Sasa kwetu Waha mwanamke hapishani na baba mkwe bega kwa bega. Nikimwona anakuja natua kikapu, nasogea, nachuchumaa na kuinamisha uso mpaka apite. Nikifanya hivyo kwenye kile kichochoro, wenzangu wote nyuma wanasimama na mizigo kichwani, na mashine inanguruma bila kahawa.

Nikamuuliza shemeji, "Humo kwenye kompyuta ulimweka mwanamke anayechuchumaa?"

Akanicheka mbele ya watu. "Kompyuta haina wakwe, shemeji. Wewe pita tu, unatuchelewesha."

Mtu huyohuyo nilimkuta sokoni Jumamosi amejibanza nyuma ya vitenge vya watu. Mama mkwe wake alikuwa ng'ambo ya pili ananunua dagaa, naye msomi wetu hakutoka mpaka mama wa watu alipoondoka. Nikamwambia, "Leo nani anamchelewesha nani?" Alichofanya ni kwenda kwa meneja kusema napinga mpango wa kiwanda. Kwa hiyo alijua. Aliyajua yote hayo na akayaacha nje ya hesabu zake, kwa sababu anayechuchumaa si yeye. Namchukia, na sioni haya kusema.

Meneja akaniita. "Ukisimamisha njia tena, kazi huna."

Nikaenda kwa baba mkwe, nikachuchumaa mlangoni pake, nikamwomba aseme mlango wa nyuma ufunguliwe. Mwanawe angemsikiliza. Akasema, "Kijana wangu amesoma, siwezi kumwaibisha mbele ya wakubwa. Ila wewe mukamwana, siku utakayonigusa bega ufunge virago urudi kwenu."

Mume wangu naye kajiinamia. "Yule ni baba na yule ni mdogo wangu, nitasema nini mimi?" Mshahara wangu anajua kuula, lakini kunisemea neno moja mdomo unakuwa mzito. Watoto ni wa ukoo wao, nikirudishwa Kagerankanda nitarudi peke yangu. Nikiacha kazi, huyo mume hana shamba la kutulisha sote.

Wasomaji, msiniandikie nivumilie, nimeshavumilia vya kutosha. Nikichuchumaa nafukuzwa kazi. Nikipita nafukuzwa nyumbani. Jumatatu asubuhi nitakuwa kwenye ile njia na kikapu kichwani, na baba mkwe atakuwa anakuja. Niambieni, nipite au nichuchumae?

Mchambuaji, Kasulu